Siri ya Kijana Ni Mlango wa Tiba

Mada iliyotolewa kwa kamati za sharika na wafadhili



Tumepewa nafasi ya kuzungumzia vijana na huduma za afya. Katika vijiji vya Uluguru, iwe Mgeta, Matombo au Kinole, anayeketi kwenye benchi la zahanati anafahamika kwa kila apitaye. Mara nyingi muuguzi ni jirani, au anaimba kwaya moja na mama wa mgonjwa. Binti wa miaka 16 anayehofia ugonjwa wa zinaa au ujauzito hujiuliza kwanza: je, habari zitafika nyumbani kabla yangu? Akiona zitafika, haendi. Hununua dawa dukani bila kupimwa, au hunyamaza mpaka hali iwe mbaya. Mwenye nauli hushuka Morogoro mjini, ambako hajulikani.

Jambo hili si dogo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata ujauzito. Anayechelewa kliniki kwa hofu huchelewa pia kupimwa VVU, na mtoto aliye tumboni hucheleweshewa kinga.

Wapo wanaouliza: kutunza siri si kumficha mzazi mwenendo wa mwanawe? Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka mhudumu kutunza siri za mgonjwa. Marekebisho ya mwaka 2019 yalimruhusu kijana wa miaka 15 kupima VVU bila idhini ya mzazi. Hata wazee wetu walijua thamani ya siri: mambo ya mwali yalibaki kwa waliomfunda, hayakutangazwa. Mchungaji naye hatoi nje maungamo. Mithali 11:13 inamtofautisha msengenyaji na mtu mwaminifu asitiriye jambo.

Siri hiyo haimwondoi mzazi. Mhudumu mwema humsaidia kijana aseme mwenyewe, kwa mama, shangazi au mjomba anayemwamini. Kijana aliyetunziwa siri hurudi tena, na hapo ndipo ushauri unapopata nafasi.

Hata hivyo, siri ina mpaka. Mtoto akibakwa au kuteswa, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatutaka tutoe taarifa kwa mamlaka. Mpaka huo aelezwe tangu mwanzo, kabla hajaanza kusimulia, asije akaona amesalitiwa.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne.

Kwanza, kamati zisidai majina katika taarifa za mradi. Tena, kwenye kijiji kidogo, kuandika "msichana mmoja, darasa la saba" ni sawa na kumtaja. Tujumlishe takwimu za vijiji kadhaa.

Pili, ibadani tuwaombee wagonjwa bila kutaja maradhi yao, na tusimtaje kijana kwa jina bila ridhaa yake.

Tatu, washarika walio katika kamati za zahanati waulize: chumba cha ushauri kina mlango unaofungika? Daftari la wagonjwa linaachwa wazi mezani? Sauti inasikika mpaka kwenye benchi? Fundi seremala na pazia vinaweza kutatua sehemu kubwa ya tatizo.

Nne, ndugu wafadhili, tunajua mnapaswa kueleza fedha zimefanya nini. Tunaomba mpokee idadi na maelezo ya huduma badala ya picha na ushuhuda wa kijana mgonjwa. Picha inayosafiri ng'ambo siku hizi hurudi kijijini kwa simu siku hiyo hiyo.

Imani ya kijana hujengwa kwa miaka, na neno moja kisimani huibomoa. Tunaomba kila usharika uliweke jambo hili kwenye ajenda ya kikao kijacho, na utuletee taarifa ya hatua zitakazochukuliwa.