Trekta Haileti Mvua

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi habari ya kulima kwa mashine katika nchi yenye mvua chache. Mimi ni mkulima wa Ugogo, katikati ya Tanzania, na baadhi ya maneno nitakayowaambieni niliyapata kwa hasara yangu mwenyewe.

Kwetu mvua ni za msimu mmoja tu. Huanza karibu na Desemba, hukoma Aprili, na jumla yake kwa mwaka ni kama milimita 550. Tena haziji kwa utaratibu. Mara nyingi hukatika Januari au Februari kwa majuma mawili au zaidi, jua likawaka kana kwamba kiangazi kimerudi. Mmea uliokwisha kutia mizizi huvumilia, uliochelewa hunyauka. Kwa hiyo siku ya kupanda ndiyo siku ya kuamua kama watoto watakula au watalala njaa.

Mwaka mmoja nilikuwa na akiba kidogo, nikapatana na mwenye trekta anilimie ekari nne. Kwa kuwa fedha nimekwisha kuzitoa, nikastarehe. Maksai wangu nikawauza, na plau nikaiacha nyuma ya nyumba iliwe na kutu. Mvua ya kwanza iliponyesha, mwanzo wa Desemba, nikasimama njiani kuingoja trekta. Kumbe watu wa vijiji vyote vya jirani walikuwa wakiingoja trekta ile ile moja! Siku ya nne nikaambiwa imekwama korongoni. Siku ya tisa nikaambiwa mkanda wake umekatika, na mwingine sharti utoke mjini. Ilifika siku ya ishirini na moja.

Jirani yangu, bibi mmoja mjane, alikuwa amekwisha kupanda mtama na uwele siku ya pili, kwa majembe aliyoyatayarisha tangu Oktoba. Mvua zilipokatika katikati ya Januari, mtama wake ulikuwa umepita magoti. Wangu ulikuwa na majani manne. Wakati wa mavuno nilikwenda kwake na debe tupu. Hakunicheka. Alinijazia debe, akasema, "Mwanangu, trekta haileti mvua."

Maneno yale yalinikumbusha habari ya Kongwa, mahali pasipo mbali na kwetu. Baada ya vita vya 1939 hadi 1945, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 likafanywa shauri la kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3 za Afrika, sehemu kubwa katika Tanganyika. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, na azimio la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita yaliyokwisha kuchakaa; mengine yalitoka mbali, Ufilipino, na mengine yaliundwa kwa vifaru. Mibuyu na mizizi ya vichaka iliyavunja, wala mafundi na vipuri havikutosha kuyatengeneza. Ekari zilizolimwa zikawa sehemu ndogo sana ya zile zilizotazamiwa.

Kisha ukaja udongo wenyewe. Udongo wa Kongwa una mchanga mkali unaokula chuma, na ukikauka huwa mgumu kama tofali. Nanyi mwaijua tabia ya karanga. Huchanua juu ya ardhi, kisha kikonyo huinama na kupenya udongoni, na humo ganda hukua. Ardhi ikiwa ngumu, kikonyo hakipenyi. Na hata kikipenya, ukivuta shina hukatika mkononi, karanga zikabaki chini. Juu ya hayo mvua zikakosekana. Mwaka 1951 shauri lile likaachwa, baada ya kutumika zaidi ya paundi milioni 30. Wagogo waliokuwa wakilima nchi ile walikuwa na mtama na uwele, nafaka zivumiliazo jua, wala hawakuzichagua kwa bahati.

Wasikilizaji, msidhani kwamba naitukana trekta. Ikifika kwa wakati, kazi ya majuma huifanya kwa siku moja. Lakini mashine ni mtumishi wa majira, si bwana wake. Basi yafaa tufanye hivi.

Kwanza, matengenezo ni kazi ya kiangazi. Kaza nati za plau, noa ulimi wake, nunua kipuri kabla hakijatakiwa. Nati moja iliyopotea Desemba huweza kukupotezea shamba zima.

Pili, msisahau wanyama. Mwisho wa kiangazi malisho yamekwisha na maksai wamekonda, nasi ndipo tunapowatia nirani. Mabua ya mtama yawekeni juu ya uchanja tangu mavuno, wapate nguvu ya kulima.

Tatu, tazameni udongo kabla ya kulima. Ukiushika ukaganda mkononi kama wa mfinyanzi, ngojeni kidogo. Ukilimwa hivyo hushindiliwa, kisha hukauka mabonge. Na mahali pa mteremko, limeni kwa kuukata mteremko, si kwa kuufuata, ili maji yasimame shambani.

Nne, wewe mwanafunzi ujuaye kuandika, mwandikie baba yako katika daftari siku mvua ilipoanza, siku ilipokatika na siku mlipopanda. Baada ya miaka kumi daftari hilo litakuwa mali ya nyumba yenu.

Mimi sasa nina maksai wawili tena. Trekta ikija mapema, nashukuru. Isipofika siku ya tatu baada ya mvua ya kwanza, nafunga nira. Wazee walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Na debe la yule bibi nimekwisha kulirudisha, limejaa.

Kwaherini, na mvua ziwakute tayari.