TREKTA LETU NA BETRI ZILIZOCHEMKA

(Mazungumzo ya Kamati ya Mashine kwenye mkutano wa wanachama. Tumeyabandika hapa ili na waliokuwa shamba wayasome.)



Leo tumesimama kujikosoa. Mvua za kwanza zilipoanza, trekta lilikataa kuwaka. Tukasema betri imekufa, tukatoa fedha za ushirika, tukanunua nyingine. Haikupita wiki mbili nayo ikachemka, ikanuka kama yai viza, maji yakakauka. Siku tisa trekta limelala, na wenzetu wamechelewa kupanda. Kosa si la dereva. Ni letu: tulinunua kabla ya kupima.

Ukweli ni huu. Altaneta ndiyo inayojaza betri injini ikizunguka, lakini yenyewe haijui kiasi. Injini ikikimbia, volti zinapanda tu. Anayeishika hatamu ni regyuleta, ile mafundi wetu wanayoiita katauti. Ya zamani ilikuwa ndani ya altaneta. Ilipoungua tukafungiwa ya nje, kile kiboksi cha pembeni. Kumbe kilifungwa juu ya bati lenye rangi na kutu, ethi haikushika! Regyuleta ikadhani volti ni chache, ikazidi kuisukuma altaneta. Fundi alipopima alikuta volti 16. Akakwangua rangi, akavuta waya wa ethi kutoka kwenye kiboksi mpaka mwili wa altaneta, zikashuka hadi 14.2. Waya mmoja tu, ndugu zangu, na sisi tumekwisha poteza betri mbili.

Basi tangu leo utaratibu ni huu.

WAKATI WA KUFUNGA
1. Waya wa hasi wa betri ufunguliwe kwanza, urudishwe mwisho.
2. Regyuleta ilingane na altaneta. Zipo zinazopeleka chanya kwenye koili ya ndani, zipo zinazoshika upande wa hasi. Ukizichanganya, haitachaji au itachaji bila kukoma.
3. Ikae mbali na joto la injini, na ethi yake ishike chuma kilichokwanguliwa.
4. Betri isifunguliwe injini ikizunguka. Volti huruka ghafla zikaunguza daiodi za altaneta.

WAKATI WA KUPIMA
Mita ipo kwa mtunza ghala. Pima kwenye vichwa vya betri.
1. Injini imezimwa na betri imepumzika: volti 12.6 imejaa, 12.2 imebaki kama nusu.
2. Injini inazunguka: 13.8 hadi 14.4 ni salama.
3. Hazipandi: tazama mkanda kama unateleza, vichwa vya betri kama vina unga, na fyuzi. Vyote vikiwa sawa, pima kwenye altaneta yenyewe. Zikiwa nzuri pale lakini chache kwenye betri, waya wa katikati ndio mbovu. Zikiwa chache kote, aitwe fundi aangalie kaboni za altaneta na regyuleta. Asiwepo mtu wa kuunga waya kwa kubahatisha.
4. Zikipita 14.8: zima injini, kisha anza na ethi ya regyuleta. Betri inayochemka hutoa gesi inayolipuka, kwa hiyo sigara na kibatari vikae mbali. Tindikali ikimwagikia ngozi au macho, osha mara moja kwa maji mengi, halafu zahanati.

Ndugu wanachama, ninyi ndio wenye mali. Kamati ikija tena kuomba fedha za betri, msiseme ndiyo upesi. Tuulizeni: "Mmepima? Volti zilikuwa ngapi?" Tukishindwa kujibu, tunyimeni. Kila Jumatatu dereva atapima, na namba zitaandikwa ubaoni hapa kila mtu azione.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta tumekwisha ujenga, tena kwa fedha zenu. Tusiujenge mara ya pili.



Kamati ya Mashine