Kioo na Kauri Chini ya Mkazo, Unyevu na Joto

Chuma kinapovutwa kupita kiasi hurefuka na kukonda kabla ya kukatika, ilhali kioo na kauri huvunjika ghafla, kwa sababu atomu zake zimefungana kwa namna isiyoruhusu tabaka moja kuteleza juu ya jingine. Kwa hiyo nguvu yake huamuliwa hasa na nyufa ndogo, zisizoonekana kwa macho, zilizo kwenye uso wake. Mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alionyesha katika makala yake ya mwaka 1921 kwamba nyuzi nyembamba sana za kioo zilistahimili mkazo, yaani kani inayobebwa na kila kipande cha eneo, takriban mara 20 ya ule unaovunja kioo cha kawaida.

La kuzingatiwa zaidi ni unyevu, kwani maji, ambayo hayaonekani kukidhuru kioo kwa lolote, hukidhoofisha kila kinapobeba mzigo. Kioo kimejengwa kwa atomu za silikoni zilizounganishwa na za oksijeni. Molekuli ya maji ikifika kwenye ncha ya ufa unaovutwa, huuvunja muungano huo, na ufa husogea hatua moja. Mwaka 1967 mtafiti wa Marekani, S. M. Wiederhorn, alipima kasi ya nyufa katika kioo cha aina itumikayo madirishani, ndani ya gesi ya naitrojeni yenye viwango mbalimbali vya unyevu, akabaini kuwa chini ya mkazo uleule ufa hukimbia zaidi unyevu unapoongezeka. Hivyo kioo kilichohimili uzito kwa saa moja hakijathibitisha kwamba kitauhimili kwa mwaka, na katika miji ya mwambao kama Mombasa na Tanga, ambako hewa ina unyevu karibu mwaka mzima, kipimo kilichochukuliwa penye hewa kavu hakipaswi kutegemewa bila kupunguzwa.

Joto nalo huvunja kwa kupitia mkazo: maji baridi yakimwagikia chombo cha moto, uso husinyaa ilhali kiini kingali kimepanuka, na uso huo hubaki ukivutwa. Kioo cha kawaida hupanuka takriban sehemu 9 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na chenye boroni kama sehemu 3.3 tu, ndiyo maana hicho cha pili hupendelewa maabarani. Chungu hufuata njia nyingine, inayostahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Mfinyanzi huchanganya udongo na mchanga au vigae vilivyopondwa, na chembe hizo huacha vinyweleo na nyufa fupi nyingi. Chungu huwa dhaifu kikivutwa, lakini ufa ulioanzishwa na moto hukutana na chembe au kitundu, ukasimama. Mtafiti D. P. H. Hasselman alilieleza jambo hilo kihesabu mwaka 1969: kauri imara yenye nyufa chache, ikishindwa na joto, hupasuka kwa kishindo cha nishati iliyojikusanya ndani yake, ilhali yenye nyufa nyingi hupoteza nguvu kidogo kidogo. Matofali mengi ya tanuri za kuyeyushia metali huundwa kwa kanuni hiyohiyo, yakiachiwa vinyweleo na chembe kubwa kwa makusudi.