Joto la Kando ya Ziwa

(Maneno ya kamati ya wakimbizi wa Lusenda, yaliyosomwa Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni)



Siku kama ya leo ni desturi kusimulia safari yetu, jinsi tulivyovuka kutoka Burundi mwaka 2015, wengine na mtoto mgongoni na mfuko mmoja, mpaka tukafika hapa Fizi. Hayo yamesemwa na yatasemwa tena. Leo kamati imeomba dakika chache kuzungumzia jambo ambalo wengi wetu hulipokea kama amri ya Mungu tu, nalo ni joto. Sasa tuko kiangazi, usiku kuna upepo na tunalala. Lakini mvua zikianza tena Septemba, jua na unyevu vitatukuta pamoja. Heri tujitayarishe mapema.

Tuanze kwa kukiri kosa letu. Msimu wa mvua uliopita, siku ya mgao, sisi wa kamati tulitangaza kwamba atakayetoka kwenye mstari amepoteza nafasi yake. Tulitaka kuzuia fujo. Mama mmoja mwenye mimba ya miezi saba alifika alfajiri bila kula. Kufika saa saba mchana alianza kusema maneno yasiyoeleweka, kisha akaanguka. Jirani zake walitueleza baadaye kwamba kiu ilimshika tangu asubuhi, ila aliogopa tangazo letu. Wao ndio waliombeba hadi chini ya mwembe, wakammwagia maji na kumpepea kwa vitenge mpaka machela ikafika. Mama yuko hai, na mtoto alizaliwa salama. Lakini mstari ule tuliupanga sisi, na nusura uue watu wawili.

Tuliwauliza wauguzi: mbona joto la hapa linaangusha watu hivi? Wakatufundisha kwamba mwili hujipoza kwa jasho, na jasho hupoza pale linapokauka. Hewa ikijaa mvuke, kama hapa ukingoni mwa Tanganyika, jasho hudondoka tu bila kukauka, na joto hubaki mwilini. Ndiyo maana kivuli, upepo na maji juu ya ngozi ni dawa. Tena mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea. Ndugu aliyefika jana kutoka milima yenye baridi asitumwe leo kufyatua matofali saa sita.

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza, na mkojo mchache wenye rangi nzito. Hapo acha kazi, kaa kivulini, kunywa maji kidogo kidogo. Mtu akianza kuchanganyikiwa, kupata degedege au kuzimia huku mwili unawaka, hiyo ni hatari ya kufa. Mwekeni kivulini, mlegezeni nguo, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea bila kuacha, huku wengine wanatafuta machela. Aliyezimia alazwe ubavu, na asinyweshwe kitu. Msikae kubishana kama ni jua au ni malaria. Kituoni watapima damu.

Sasa nyumbani. Turubai likipigwa na jua, ndani huwa kama tanuri. Tandaza nyasi au matawi juu yake, mbali na jiko, na acha nafasi mbili zinazotazamana ili upepo upite. Usiku wengi wetu tunatupa chandarua kwa sababu ya joto, au tunalala nje bila chandarua. Tunakimbia joto na kuangukia malaria. Anayelala nje afunge chandarua kwenye miti minne, akichomeke chini ya mkeka.

Kwa mama wanaonyonyesha: mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji maji hata kukiwa na joto kali. Maziwa yako yanamtosha, mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe ndiye unywe maji. Usimfunike blanketi mgongoni mchana. Na wazee wanaoishi peke yao, jirani awapitie asubuhi na mchana, kwa sababu mzee huweza kuishiwa maji mwilini bila kuhisi kiu.

Vijana, tunajua ziwa linawaita. Ziwa hilo lina mamba na viboko, na watu huzama. Maji yake msiyanywe, kwani kipindupindu hakijaacha kurudi katika pwani hii ya Uvira na Fizi. Ogeni kwa maji ya bomba, hata nusu ndoo.

Kwa mashirika tuna maombi matatu. Kwanza, mgao uanze saa moja asubuhi, pawe na kivuli na maji ya kunywa, na wajawazito, wazee na walemavu wahudumiwe mwanzo. Pili, mabomba yafunguliwe pia jioni. Kipimo cha chini mnachokitumia wenyewe ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu 6 haiwezi kufikia lita 90 kwa bidoni mbili za lita 20 zinazojazwa mara moja. Tatu, tupeni miche ya miembe na miarobaini. Kuchimba mashimo, kupanda na kulinda ni kazi yetu, na kamati itamwita mbele ya wazee yeyote atakayeukata mti wa kivuli.

Nasi tunaahidi hivi: kuanzia mgao ujao kila mtu atapewa kibao chenye namba. Atakwenda kunywa maji, atakaa kivulini, na nafasi yake ataikuta. Mama yule tumekwisha kumwendea nyumbani kwake kumwomba msamaha, naye ametusamehe. Alituambia neno moja tu, tuliseme hadharani ili lisimpate mwingine. Ndiyo maana tumelisema leo.

Kidole kimoja hakivunji chawa.