Mbio za Kupokezana: Mwenzio Anakusubiri

Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Songea

Leo sitaanza na vidonge wala chanjo. Nitaanza na swali. Ukiambiwa ukimbie marathoni, yaani kilomita 42 na mita 195, utasema nini? Najua, mtacheka. Haya, na mkiambiwa mgawane watu saba? Hapo kuna anayeanza kupiga hesabu.

Huko Japani mbio za namna hii huitwa ekideni. Za kwanza zilikimbiwa mwaka 1917, kutoka Kyoto hadi Tokyo. Badala ya kijiti, wakimbiaji hupokezana kitambaa kirefu kinachovaliwa begani. Kila Desemba shule za sekondari hushindana mjini Kyoto: wavulana saba hugawana marathoni nzima, na wasichana watano hugawana nusu yake. Vipande havilingani. Mvulana wa kwanza hukimbia kilomita 10, mwingine kilomita 3 tu.

Jirani yetu, Mkenya marehemu Samuel Wanjiru, alikwenda kusoma sekondari Sendai mwaka 2002. Shule yake ilishinda mbio hizo 2003 na 2004. Mwaka 2008, Beijing, akawa Mkenya wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki. Kabla ya kuvuma peke yake, alishakimbia na wenzake.

Na sisi kupokezana si jambo geni. Mwenge wa Uhuru, uliopandishwa kileleni Kilimanjaro Desemba 1961, hupita wilaya kwa wilaya, mkoa kwa mkoa. Yale si mashindano, lakini hakuna anayeubeba nchi nzima peke yake.

Sasa, utamu wake uko wapi? Ukikimbia peke yako, ukichoka unajiambia, “Aa, inatosha,” unasimama. Nani atakuuliza? Lakini kwenye kupokezana, mbele kuna mwenzio ameshavua sweta, kwenye baridi ya Songea ya mwezi wa sita, macho yote njiani. Utamwachaje pale? Miguu inapata nguvu ambayo hukujua unayo. Tena kila mtu ana nafasi: huyu hodari wa kilima, yule wa tambarare, na asiye na kasi anapewa kipande kifupi.

Lakini sikiliza vizuri, rafiki yangu. Utamu huohuo una mtego. Kwa kuwa unawaonea haya wenzio, unaanza kuficha. Homa imekushika tangu jana, unameza vidonge vya maumivu unakwenda kukimbia. Goti limevimba, unafunga kitambaa. Una pumu, hujamwambia mtu. Na wewe dada, hedhi haikuzuii kukimbia kama unajisikia vizuri. Lakini tumbo likikukata sana, unanyamaza eti mwalimu wa michezo ni mwanaume. Je, umeisaidia timu? Hapana. Kwenye ekideni, mkimbiaji akishindwa kumaliza kipande chake, timu nzima inakosa nafasi. Wahenga walishasema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Kumjali anayekusubiri ni pamoja na kumwambia mapema, “Leo siwezi.”

Basi, tufanyeje? Kutoka hapa mjini hadi Peramiho ni kama kilomita 24. Msiende kukimbizana na malori barabarani. Umbali huo ni mizunguko 60 ya uwanja wa mita 400. Watu sita, kila mmoja mizunguko 10. Au mpangane kwa uwezo: wawili 15, wawili 8, wawili 7. Halafu mshike haya:

1. Wekeni wakimbiaji wawili wa akiba, nao wafanye mazoezi sawasawa na wengine. Timu isiyo na akiba humlazimisha mgonjwa.

2. Kabla ya kuanza, kila mmoja aulizwe, “Unajisikiaje leo?” Na ajibu kweli. Anayetaka kusema faragha, apewe nafasi.

3. Mwenye homa hakimbii. Aende kituo cha afya akapime malaria. Kubahatisha dawa hakuna.

4. Mwenye pumu awe na dawa yake karibu, na wenzake wajue ilipo.

5. Maumivu ya kifua au kizunguzungu: simama hapohapo, uite msaada.

6. Aliyesimama asichekwe. Mkimcheka leo, kesho mwingine ataficha.

Hiyo ya sita ndiyo ngumu kuliko zote, ngumu kushinda hata mizunguko 15. Kukimbia mtajifunza kwa wiki chache. Lakini kumfanya mwenzenu aseme “naumwa” bila kuogopa kuitwa legelege, hilo linataka urafiki wa kweli. Mkiliweza uwanjani, mtaliweza hata bwenini, pale mtu anapoumwa usiku na hataki kumwamsha mwenzie.

Haya, watu sita na wawili wa akiba. Nani anaanza?