Darasa la Ghalani: Biashara na Kompyuta kwa Vijana Wetu wa Sekondari

Hotuba iliyosomwa na Katibu mbele ya wanachama, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu



Tumepewa robo saa kusema habari za darasa. Wenzetu waliotangulia wamekwisha kusema habari za maghala, malori na bei, na wamezisema vizuri, hatutazirudia. Sisi twataka kusema habari za chumba kile kidogo kilicho ubavuni mwa ghala, chenye kompyuta saba, ambacho baadhi yenu hukiita "shule ya Katibu". Jina hilo si sawa. Shule ile ni yenu, maana fedha zake zilitoka katika ufuta wenu na korosho zenu, na mwezi ujao katika Mkutano Mkuu mtaulizwa kama ziendelee kutoka au zikome.

Yafaa tuanze na aibu yetu wenyewe. Misimu miwili iliyopita orodha ya malipo ya ufuta ilikataa kulingana. Jumla ya orodha yetu ya wakulima ilipungua kilo 180 chini ya jumla ya stakabadhi za ghala. Makarani walihesabu siku ya kwanza, wakahesabu na siku ya pili. Orodha isiyolingana haipelekwi benki, na huko uani walikuwapo watu waliotoka mbali wakingoja fedha zao. Wengine walianza kunong'ona kwamba kilo zile zimeliwa, nasi hatukuwa na jibu la kuwapa.

Jioni ya siku ya pili binti mmoja wa Kidato cha Tatu, aliyekuwa akihudhuria darasa wakati wa likizo, alibisha hodi. Akasema, "Shikamooni. Mia na themanini yagawanyika kwa tisa." Makarani wetu, tusifiche, walicheka.

Lakini binti yule alikuwa amefundishwa na mzee wetu mtunza vitabu, ambaye alikwisha kustaafu na ambaye mpaka leo haipendi kompyuta. Mzee huyo huwaambia wanafunzi hivi: mtu akigeuza tarakimu mbili zilizo jirani, akaandika 46 mahali pa 64, tofauti itokeayo hugawanyika kwa 9 daima. Basi kwa kuwa tofauti yetu ilikuwa 180, yaani 90 mara mbili, ilielekea kwamba zimegeuzwa tarakimu za mamia na makumi, nazo zapitana kwa mbili. Hakuwa na haja ya kupitia majina yote. Alitafuta yale tu ambayo tarakimu ya makumi yazidi ya mamia kwa mbili, akayalinganisha na stakabadhi moja moja. Kabla ya magharibi aliliona: mkulima aliyeleta kilo 640 ameandikiwa 460. Mwenye mzigo ni mama mjane. Kwa bei ya shilingi 3,200 kwa kilo, baada ya makato ya shilingi 150, mama yule angalipoteza shilingi 549,000, na asingalijua ni nani aliyezichukua, kwa kuwa hakuna aliyezichukua.

Ndugu wanachama, angalieni jambo hili. Kompyuta ilikuwapo siku zote mbili. Iliijumlisha 460 kwa uaminifu mkubwa, kila mara ilipoambiwa. Ndiyo sababu darasa letu haliwapi vijana kompyuta siku ya kwanza. Huanza na daftari la fedha, kalamu na rula. Mwanafunzi huandika kilichoingia na kilichotoka, hujifunza kwamba kila shilingi huandikwa mara mbili, mahali inapotoka na mahali inapokwenda, kisha hutengeneza urari wake kwa mkono. Maarifa haya si mageni. Luca Pacioli wa Italia aliyaeleza katika kitabu kilichopigwa chapa huko Venice mwaka 1494, naye hakuyabuni, bali aliwakuta wafanyabiashara wa mji ule wakiyatumia.

Baada ya hapo ndipo kompyuta ifunguliwapo. Mwanafunzi huchora jedwali lile lile alilokwisha kulichora kwa rula, huweka uzito katika safu moja, bei katika safu ya pili, makato katika ya tatu, halafu hufundishwa kuiamuru mashine izidishe na kutoa. Hapo ndipo macho hufumbuka. Ukibadili bei mahali pamoja, majibu yote hubadilika. Jedwali la namna hii lilianza kuuzwa mwaka 1979 kwa jina la VisiCalc, kazi ya Dan Bricklin na Bob Frankston wa Marekani. Na Bricklin alilifikiria alipokuwa mwanafunzi wa biashara, amechoka kufuta na kuandika upya. Twalitaja hili kwa ajili ya wazee wanaodhani kwamba kompyuta ni jambo moja na biashara ni jambo jingine.

Twajua kwamba nchi yetu haikukutana na mashine hizi kwa furaha. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na hesabu zilizotoka zikaleta taabu kubwa. Mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku. Ulikuja kufunguliwa baadaye, lakini sisi wa rika hili twalijua pengo lililobaki. Katika shule tuliyosoma ilikuwapo kompyuta moja tu, nayo ilifunikwa kitambaa ofisini kwa mkuu. Tulimaliza Kidato cha Nne bila kuigusa. Tulipoajiriwa hapa tulijifunza kwa kubahatisha, na ninyi mlilipia kubahatisha kwetu.

Siku hizi hali si ile. Korosho na ufuta huuzwa kwa mnada wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Hesabu za vyama huingizwa katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, ule tuuitao MUVU. Serikali nayo, katika mtaala uliofuata Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, imelipa somo la Biashara nafasi tangu Kidato cha Kwanza. Ni jambo jema. Walakini kitabu cha shule hakiwezi kumwonyesha mtoto stakabadhi ya baba yake. Ghala letu laweza.

Sasa tuje kwenye malalamiko, maana yapo, na mengine ni ya haki. Wako wanaosema kwamba twawafundisha vijana kisha huenda zao Dar es Salaam. Ni kweli, baadhi wamekwenda. Hatuna kamba ya kuwafunga. Wako wanaouliza kwa nini mtoto wa asiye mwanachama aketi pale. Hapo Bodi yenyewe imegawanyika, nasi hatutaki kuisemea. Na wako waliolalamika kwamba mwaka wa kwanza wasichana walikuwa wachache mno. Hilo lilikuwa kosa letu kabisa: tuliweka masomo saa kumi na mbili jioni, kana kwamba wazazi wangewaacha binti zao warudi gizani. Tulipoyahamishia saa nane mchana walikuja, hata viti vikapungua.

Kuhusu gharama, tusidanganyane. Kompyuta mbili kati ya saba zimeharibika kwa vumbi la korosho, na umeme hukatika siku tusizozitarajia. Twaomba shilingi 2 kwa kila kilo, kwa msimu mmoja, ndipo mhesabu tena. Wale wafumaji wa Rochdale huko Uingereza, walioanzisha duka lao mwaka 1844, walikuja kutenga asilimia mbili na nusu ya ziada yao kwa ajili ya elimu, nao walikuwa watu wa mshahara mdogo. Ombi letu ni dogo kuliko lao. Hata hivyo shilingi 2 ni shilingi 2, na mkulima mwenye magunia mawili ana haki ya kuuliza atapata nini.

Mama yule mjane tulimwendea nyumbani, tukamweleza kosa letu. Hakukasirika. Aliuliza tu kama mjukuu wake wa Kidato cha Kwanza aweza kuandikishwa. Ameandikishwa, yumo humu.

Hesabu za darasa za miaka yote zimebandikwa mlangoni pa ghala. Zimeandikwa na wanafunzi wenyewe. Zisomeni kabla ya Mkutano Mkuu, na mkiona kosa, waambieni wao kwanza, kisha mje kwetu.