Tochi ya Kuingia na Tochi ya Kutoka

Leo sitazungumzia bei ya alizeti wala ya vitunguu, ingawa barua na simu zenu juu ya hayo nimezipata na nitazirudia. Leo nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo kinachokaa mkononi, yaani tochi. Wala si tochi ya kwendea chooni usiku au ya kuhesabia mbuzi zizini. Nazungumzia tochi ya nguvu, ile inayoingia majini pamoja na mtu.

Najua yupo atakayecheka. Atasema, Singida haina bahari, sisi na habari za kupiga mbizi wapi na wapi? Lakini hebu tutazame vizuri. Pale mjini tu tunayo maziwa mawili, Singidani na Kindai. Kule Iramba liko Ziwa Kitangiri, na wavuvi wake. Tena tunayo mashimo. Dhahabu ya Sekenke ilianza kuchimbwa tangu enzi za Wajerumani, na mwaka 1916, katikati ya vita, ndiyo waliyoipeleka Tabora kupiga sarafu zao za dhahabu. Tangu hapo watu wetu hawajaacha kuingia ardhini. Na kila mwenye kuchimba anajua kwamba shimo lililoachwa, mvua ikinyesha, hugeuka kisima.

Wiki iliyopita alifika ofisini kijana mmoja. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, karibu." Akanieleza kwamba wao ni vijana watano wanaoishi karibu na maji. Mtu akizama, wao ndio huitwa kwanza, kwa sababu wanajua kuogelea. Wamechangishana fedha wanunue tochi moja ya kuingia nayo majini. Dukani wameonyeshwa mbili. Ya kwanza ni kubwa, inang'aa, kichwa chake kinavutwa mbele na nyuma, na boksi linasema lumeni 100,000. Ya pili ni fupi, nene, nyeusi, haina madoido, na boksi linasema lumeni 1,000 tu. Lakini bei ya hiyo fupi ni karibu mara tatu ya ile kubwa. "Baba, tuchukue ipi?"

Ndugu wasikilizaji, swali hilo lilinirudisha nyuma miaka mingi.

Nilikuwa mwandishi mchanga, ndiyo kwanza nimemaliza stashahada yangu. Nilitumwa kijiji kimoja cha Iramba baada ya mvua kubwa ya Machi. Duara moja la wachimbaji lilikuwa limeingiliwa na maji. Wawili walikuwa chini. Mmoja alitoka, mwingine hakutoka. Nilipofika nilikuta watu wamezunguka shimo, na mjomba wa yule kijana amevua shati. Alikuwa na kamba kiunoni na tochi ya dukani, ameitia katika mfuko wa nailoni na kuufunga kwa mpira wa baiskeli. Mimi nilikuwa miongoni mwa walioshika ile kamba.

Alizama mara ya kwanza, akaibuka kuvuta pumzi. Akazama mara ya pili, tukaona ule mwanga unateremka, unakuwa wa kijani, halafu wa kahawia, halafu ukakatika. Kamba ikavutwa ovyo, huku na huku. Tukavuta kwa nguvu zetu zote. Alipotoka paji lake la uso lilikuwa limechanika kwa mwamba, na maji ameyanywa. Alipoweza kusema alisema neno moja ambalo sijalisahau: "Nilikuwa na mwanga wa kuingia tu."

Kesho yake pampu ilipokwisha kunyonya maji, kijana alipatikana. Mganga alisema alikuwa amefariki mapema, na kwamba tochi yoyote isingemrudisha. Lakini ile tochi nusura itufanye tuzike wawili badala ya mmoja. Ndiyo maana sikumjibu yule kijana haraka haraka.

Kwanza nilimwambia habari ya lumeni. Lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga unaotoka kwenye taa. Ile balbu ya zamani ya wati 60, iliyokuwa ikining'inia sebuleni, ilitoa kiasi cha lumeni 800. Sasa tufanye hesabu. Mwenye kukuuzia tochi ya lumeni 100,000 kwa bei ya kuku wawili anakuambia kwamba ameweka balbu 125 za sebuleni ndani ya kiganja chako. Zingetiwa umeme wa nini? Kwa betri ipi? Mwanga wa lumeni 1,000, ukiwa ni wa kweli, unamtosha kabisa mtu aliye chini ya maji.

Na betri nayo ina hadithi yake. Tochi nyingi za siku hizi hutumia betri ya litiamu yenye namba 18650. Maana yake ni unene wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Betri halisi ya ukubwa huo huandikwa uwezo wa 3,000, au 3,500, au zaidi kidogo. Madukani utakuta zimeandikwa 9,900. Ipime mkononi. Betri nzima ina uzito wa gramu 45 hivi. Ile ya udanganyifu mara nyingi ni nyepesi, na wengine wameifungua wakakuta ndani kibetri kidogo na unga wa kujazia nafasi.

Pili, muda. Boksi likisema saa 3, uliza saa 3 za namna gani. Katika kanuni inayofuatwa na watengenezaji wengi, muda huhesabiwa mpaka mwanga ubakie sehemu moja ya kumi ya ulivyoanza. Kwa hiyo saa ya tatu si sawa na saa ya kwanza. Vivyo hivyo na umbali. Wakiandika mita 300, maana yake ni kwamba kwenye mita 300 umebaki mwanga kama wa mbalamwezi pevu uwanjani. Ni mwanga, ndiyo, lakini si wa kusomea gazeti.

Tatu, upana wa mwanga. Madereva waliowahi kupanda Mlima Sekenke enzi za barabara ya vumbi watanielewa. Lori limekutangulia, vumbi limetanda, wewe unawasha taa kali. Je, unaona zaidi? La hasha. Unaona ukuta mweupe mbele ya macho yako. Maji ya tope ni vumbi hilo hilo. Mwanga mpana unagonga chembe za udongo na kukurudia usoni. Unaotakiwa ni mwanga mwembamba uliokaza kama mkuki. Mwanga mpana ni wa maji maangavu, kama ya Mafia au Pemba, kwa wapiga picha za samaki.

Na hata katika maji maangavu tochi ina kazi, kwa sababu maji humeza rangi. Nyekundu ndiyo hupotea mapema, katika mita chache za mwanzo. Ukimtafuta mtoto aliyevaa shati jekundu, shati hilo huko chini ni jeusi kama jiwe. Likimulikwa karibu ndipo wekundu hurudi. Anayetafuta na aambiwe jambo hili kabla hajaingia.

Nne, na hapa ndipo fedha zinapokwenda, ni kuzuia maji. Kila mita 10 za kina, maji huongeza uzito wa kilo 1 juu ya kila sehemu ndogo kama ukucha wa kidole. Uzito huo hutafuta upenyo. Alama ya IPX7 maana yake ni kwamba tochi imejaribiwa katika mita 1 ya maji kwa dakika 30, basi. Hiyo ni ya mvua na ya kuangukia kwenye ndoo. IPX8 ni zaidi ya hapo, lakini kina na muda husemwa na mtengenezaji mwenyewe. Asiposema, usimsemee. Tochi ya wazamiaji huandikwa wazi mita zake, 50 au 100.

Ile yenye kichwa cha kuvuta mbele na nyuma iache kwa mlinzi wa usiku. Kila ukikivuta, kinanyonya hewa kama pampu ya baiskeli; ukiwa majini kitanyonya maji. Swichi ya kubonyeza nayo huweza kubonyezwa na maji yenyewe. Nzuri ni ya kuzungusha kichwa, au ya sumaku isiyotoboa ganda. Na mle ndani pana ile mipira ya mviringo ambayo mafundi wa pampu huiita oringi. Unywele mmoja au punje moja ya mchanga juu yake inatosha kuingiza maji. Ifute, ipake grisi ya silikoni, si grisi ya gari wala mafuta ya alizeti. Ukitoka Singidani, ambako maji yana chumvi, ioshe tochi kwa maji baridi kabla ya kuifungua. Na usiiache ikiwaka nchi kavu muda mrefu. Tochi hizi za nguvu hupozwa na maji.

Sasa nafika penye neno la yule mjomba. Wako wazamiaji duniani ambao huingia mapango yaliyojaa maji. Huko hakuna kuibuka, kwa kuwa juu ni mwamba, kama duara letu lenye vichochoro. Hao wana kanuni: kila mtu hubeba taa tatu, moja kubwa na mbili za akiba. Na taa moja ikizimika hawasemi, "Tunazo mbili bado, tuendelee." Safari imekwisha, wote wanageuka. Taa ya pili ni ya kutoka, na ya tatu ni ya kutoka pindi ya pili ikizimika. Kanuni hii inamfaa hata mchimbaji asiyegusa maji kabisa. Wangapi huteremka mita 40 na tochi moja iliyofungwa kichwani kwa mpira, na betri za juzi?

Na tochi ina aibu moja. Haisemi habari za hewa. Hewa ya shimo ikiwa mbaya, tochi itaendelea kuwaka vizuri kabisa, ikimmulika mtu aliyelala.

Msikilizaji anaweza kusema kazi hii ni ya serikali. Ni kweli. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, na ipigwe kabla mtu hajavua shati. Lakini mnakumbuka tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipoanguka ziwani kule Bukoba ikiwa na watu 43. Wavuvi na mitumbwi yao ndio waliofika mwanzo. Watu 24 walipona, 19 walifariki. Na mnakumbuka Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara wakafa watu zaidi ya 200. Siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa mtu mmoja hai ndani ya chombo. Kwa hiyo aliye karibu ndiye hufika kwanza, na aliyefundishwa ndiye huingia ndani. Wote wawili wanahitaji mwanga, lakini kazi zao si moja.

Hilo nilimwambia yule kijana bila kumficha. Tochi haimfanyi mtu kuwa mpiga mbizi. Ninyi hamna mitungi ya hewa wala hamjafundishwa kuitumia. Basi tochi yenu iwe ya kumulika kutoka mtumbwini na ukingoni, ya kutafuta penye maji mafupi mkiwa na kamba, na ya kumpa aliyefundishwa akifika. Shimo lililojaa maji msiingie, leteni pampu.

Akanyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hiyo ile fupi?" Nikamwambia ile fupi, na vitochi viwili vidogo vya kweli vya akiba. Akasema fedha haitoshi. Nikamwambia, basi msinunue leo. Ongezeni michango mwezi mmoja. Mkiipata, itumbukizeni kwenye ndoo ya maji ikiwaka, usiku kucha, saa ikiwa pembeni. Tazameni mapovu, andikeni ilififia saa ngapi. Ikishindwa ndoo, irudisheni dukani na risiti yake.

Aliondoka hakufurahi sana, maana alikuja na fedha mfukoni akitaka kurudi na kitu mkononi. Juzi amenipigia simu. Wameongeza michango, bado kidogo. Na akanieleza kwamba mmoja wao, aliyekuwa ameshainunua ile kubwa kwa fedha zake, aliitia kwenye ndoo kama nilivyosema. Ilidumu dakika 11.

Wapenzi wasikilizaji, wenye watoto machimboni na ziwani, waulizeni leo jioni wanashuka na taa ngapi. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa, na hapo tutarudi kwenye alizeti. Kwaherini.